Kabla ya Kununua Diski ya Kurekodi Vipindi vya Televisheni: Mambo ya Kukagua Dukani na Nyumbani

Televisheni imewaka, king'amuzi kimeshika mawimbi, na diski iliyokuwa kabatini imechomekwa ili kurekodi mechi ya jioni. Ujumbe unatokea kwenye skrini: diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, je, uendelee? Mwenye haraka hubonyeza kitufe cha OK. Ikiwa diski hiyo ndiyo familia iliyohifadhia picha za harusi, nakala za stakabadhi za shamba na kazi za watoto za shule, sekunde chache baadaye king'amuzi kitaionyesha kuwa tupu.

Hilo ni mojawapo ya makosa matatu yanayowagharimu wakazi pesa na kumbukumbu zao. La pili ni kununua diski ambayo king'amuzi hakiwezi kuiendesha. La tatu ni kuuziwa diski bandia inayodai kuwa na nafasi isiyokuwepo. Yote matatu yanaweza kuepukwa na mtu yeyote, hata asiye na ujuzi wa kompyuta, akijua mambo machache kabla ya kutoa pesa.

Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, king'amuzi kimekuwa kifaa cha kawaida nyumbani. Vingi vina tundu la USB, na baadhi vinaweza kurekodi kipindi kwenye diski ya nje ili kitazamwe baadaye. Hii ni faida kwa mlinzi anayefanya kazi usiku, kwa mama anayefunga duka baada ya taarifa ya habari, na kwa mwanafunzi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Mtoto aliyekosa somo hewani angeweza kulirudia kwenye televisheni ikiwa nyumbani kwao walikuwa wamelirekodi.

ANZA NA KING'AMUZI, SI DISKI

Kosa la kwanza hufanyika kabla mtu hajafika dukani: kudhani kwamba kila tundu la USB hurekodi. Sivyo. Kwenye baadhi ya ving'amuzi, tundu hilo ni la kusasisha programu au kucheza muziki na picha tu. Vingine vina uwezo wa kurekodi lakini kampuni inayouza king'amuzi imeufunga.

Tazama mbele ya remoti. Ikiwa kuna kitufe chenye nukta nyekundu au herufi REC, hiyo ni dalili nzuri. Kisha angalia kijitabu cha maelezo au kasha. Herufi PVR humaanisha kurekodi. Hatimaye jaribu: omba flashi ndogo tupu kwa jirani, ichomeke, na urekodi dakika 10. Jaribio hilo halina gharama, na litakuonyesha pia ukubwa wa nafasi unayohitaji.

Katika kijitabu hicho hicho, tafuta mambo mawili zaidi: ukubwa wa juu kabisa wa diski unaokubalika, na aina ya mpangilio wa diski, yaani FAT32, NTFS au exFAT. Ving'amuzi vingi vya zamani haviwezi kusoma diski inayozidi terabaiti 2. Anayenunua diski ya terabaiti 4 kwa ajili ya king'amuzi cha namna hiyo analipia nafasi asiyoweza kuitumia, au diski isiyotambuliwa kabisa.

NAFASI KIASI GANI INATOSHA?

Ukubwa wa rekodi hutegemea ubora wa picha. Kwa makadirio ya jumla, kipindi cha picha ya kawaida huchukua takriban gigabaiti 1 hadi 2 kwa saa. Kipindi cha picha angavu, HD, huchukua takriban gigabaiti 3 hadi 4 kwa saa.

Kwa hesabu hiyo, flashi ya gigabaiti 32 inatosha mechi 3 au 4 za kandanda za HD pamoja na uchambuzi wake, au kama saa 15 za picha ya kawaida. Diski ya gigabaiti 500 inabeba zaidi ya saa 120 za HD. Diski ya terabaiti 1 inabeba karibu saa 250. Familia inayorekodi saa 2 kila siku na kufuta ilichokwisha kutazama haihitaji zaidi ya gigabaiti 500.

Usitegemee makadirio pekee. Chukua ile rekodi ya dakika 10, angalia ukubwa wake, kisha zidisha mara 6. Hicho ndicho kiwango cha saa moja kwa stesheni unayoitazama.

Mnunuzi pia asishtuke akiona diski ya terabaiti 1 ikionyesha takriban gigabaiti 931 kwenye kompyuta. Watengenezaji huhesabu kwa elfu, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024. Hapo hujaibiwa. Lakini diski ya terabaiti 1 ikionyesha gigabaiti 500, hiyo si hesabu, ni udanganyifu.

KASI SIYO KITU CHA KULIPIA

Wauzaji hupenda kusifu kasi. Diski yenye kasi zaidi huuzwa kwa bei ya juu zaidi, na mnunuzi huambiwa kwamba bila hiyo picha itakwama. Kwa kazi ya kurekodi, jambo hilo halina uzito. Matangazo ya HD huingia kwenye diski kwa kasi ya takriban megabaiti 1 kwa sekunde. Tundu la USB 2.0, ambalo ndilo hupatikana kwenye ving'amuzi vingi, linaweza kupitisha zaidi ya megabaiti 30 kwa sekunde. Hata ukinunua diski yenye kasi mara kumi ya hiyo, king'amuzi kitaiendesha kwa kasi ya tundu lake.

Kinachohitajika ni diski isiyochoka inapoandikwa kwa saa nyingi mfululizo. Flashi za bei ya chini huanza vizuri kisha hupunguza mwendo zinapopata joto au kujaa. Hapo ndipo picha iliyorekodiwa huonekana ikirukaruka.

FLASHI, DISKI YA KUZUNGUKA AU SSD

Flashi ni rahisi, haitumii umeme mwingi na haiharibiki kwa urahisi ikianguka. Udhaifu wake ni kwamba kuna kikomo cha mara ambazo kila sehemu yake inaweza kuandikwa kabla ya kuchakaa. Inamfaa anayerekodi mara chache kwa wiki. Haimfai anayeacha king'amuzi kikirekodi kila kinachotazamwa ili aweze kusimamisha au kurudisha nyuma matangazo ya moja kwa moja, kwa sababu huduma hiyo huandika kwenye diski muda wote televisheni inapowaka. Mtu asiyeihitaji anaweza kuizima kwenye menyu ya king'amuzi.

Diski ya kuzunguka, inayojulikana na wengi kama hadi diski, ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi kwa bei ndogo, na inahimili kuandikwa kila siku. Adui zake ni kuanguka na kutikiswa inapofanya kazi. Iwekwe mahali tambarare, mbali na watoto, na isiwekwe juu ya king'amuzi chenyewe kwa sababu ya joto.

SSD haina kitu kinachozunguka, haina kelele na huvumilia mitikisiko. Bei yake kwa kila gigabaiti ni ya juu kuliko hadi diski. Kwa nyumba nyingi, hadi diski ndogo ya gigabaiti 500 au terabaiti 1 inatosha, mradi king'amuzi kiwe na nguvu ya kuizungusha.

UMEME NDIO HUANGUSHA WENGI

Diski nzuri huweza kushindwa kwa sababu moja tu: king'amuzi hakitoi umeme wa kutosha. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, na la USB 3.0 hadi miliampia 900. Hadi diski ndogo ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kuhitaji karibu miliampia 1,000 kwa sekunde kadhaa. Ikishaanza, mahitaji yake hupungua.

Dalili ni hizi: diski inatoa mlio wa tiktik, taa yake inawaka na kuzimika, king'amuzi kinasema hakuna diski, au kinajizima na kuwaka upya. Wengi hurudi dukani wakisema diski ni mbovu, na muuzaji anapoichomeka kwenye kompyuta inafanya kazi. Pande zote mbili zinasema kweli. Kilichokosekana ni umeme.

Kuna njia tatu za kulitatua jambo hili. Ya kwanza ni kutumia flashi au SSD isiyohitaji umeme mwingi. Ya pili ni kununua kigawanyi cha USB chenye adapta yake ya kuchomeka ukutani, kisha diski ipate umeme kutoka hapo. Ya tatu ni kutumia diski kubwa ya inchi 3.5, ambayo huja na adapta yake. Kabla ya kutumia njia yoyote, jaribu kwanza kebo nyingine iliyo fupi, kwani kebo nyembamba na ndefu hupoteza umeme njiani.

Kwa nyumba zinazotumia sola, hesabu ni muhimu zaidi. Hadi diski ndogo hutumia takriban wati 2 hadi 3 inapofanya kazi. Kwa saa 4 za jioni ni kama wati-saa 10 zaidi kutoka kwenye betri. Kwa mfumo mdogo wa kuwasha taa 3 na televisheni, mzigo huo unaweza kufupisha saa za taa. Flashi hutumia chini ya hapo na ndiyo inayofaa zaidi.

Umeme unapopotea katikati ya kurekodi, kipindi hicho huenda kisifunguke, na mara nyingine mpangilio mzima wa diski huharibika. Panapokatika umeme mara kwa mara, ni vyema kuchomoa adapta na king'amuzi ukutani umeme unapopotea, na kusubiri utulie unaporudi. Kumbuka pia kwamba king'amuzi kilichozimwa ukutani hakiwezi kuanza kurekodi chenyewe hata kama saa ilipangwa.

KUFOMATI: SOMA KABLA YA KUBONYEZA

Kufomati ni kuipanga diski upya ili king'amuzi kiweze kuandika juu yake. Kazi hiyo hufuta orodha ya kila kitu kilichokuwemo. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ni kuwa na diski ya king'amuzi peke yake. Picha za familia, vyeti na kazi za ofisi zisikae humo.

Ikiwa ni lazima utumie diski iliyokuwa na vitu, nakili kila kitu mahali pengine kwanza, kisha fungua faili kadhaa kule ulikonakili uone kama zinafunguka. Baada ya hapo, acha king'amuzi chenyewe kiifomati diski. Njia hiyo ina uhakika zaidi kuliko kuifomati kwenye kompyuta, kwa kuwa king'amuzi huchagua mpangilio kinachoujua. Mpangilio wa FAT32 hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4, hivyo ving'amuzi vinavyoutumia hukata rekodi ndefu vipande vipande. Mchezo wa saa 2 ukionekana kuwa faili 2 au 3, hilo si hitilafu.

Na ikiwa umebonyeza kimakosa? Usirekodi chochote. Chomoa diski mara moja na uipeleke kwa fundi anayeokoa data. Mara nyingi kinachofutwa kwanza ni orodha, na picha zenyewe hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kila dakika ya kurekodi baada ya kosa hilo inapunguza uwezekano wa kuziokoa.

JINSI YA KUTAMBUA DISKI BANDIA

Udanganyifu wa flashi hufanywa ndani, mahali pasipoonekana. Kidhibiti cha flashi hubadilishwa ili kiiambie kompyuta kwamba kuna gigabaiti 512, ilhali ndani mna 16 tu. Siku za kwanza kila kitu huenda sawa. Gigabaiti 16 zikijaa, rekodi mpya huandikwa juu ya zile za zamani au hupotea. Majina ya vipindi yanabaki kwenye orodha, lakini ukibonyeza havifunguki. Kufikia hapo mwezi umepita na risiti imetupwa.

Hadi diski nazo huigizwa. Baadhi ya kasha hupatikana zikiwa na flashi ndogo iliyobandikwa kwa gundi, pamoja na vipande vya chuma vya kuongeza uzito. Hadi diski ya kweli, ukiishika kwa upole inapoanza, utahisi mtikisiko mdogo wa kuzunguka. Isiyotikisika kabisa, na haikuuzwa kama SSD, inatia shaka.

Ishara nyingine ni bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine, maandishi ya kasha yenye makosa, kutokuwepo kwa nambari ya kifaa, na muuzaji anayekataa kuandika risiti.

Kipimo cha uhakika ni kuijaza diski yote kisha kuisoma tena. Programu ya bure iitwayo H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux na Mac. Fundi yeyote wa kompyuta au kituo cha intaneti kinaweza kusaidia. Kazi hii huchukua muda: flashi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde huhitaji karibu saa 2 kuandikwa, kabla ya kusomwa. Kwa kuwa huwezi kusimama dukani muda huo wote, kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba utairudisha ndani ya siku kadhaa ikishindwa jaribio, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti.

DISKI ZA MITUMBA

Diski iliyotumika inaweza kuwa nafuu, lakini hadi diski huchakaa. Mwombe fundi asome rekodi ya afya iliyo ndani ya diski yenyewe. Inaonyesha saa ambazo imefanya kazi na sehemu zilizoharibika. Diski yenye sehemu zilizoharibika haifai, hata bei iwe ndogo namna gani. Dai risiti yenye jina na simu ya muuzaji, kwa sababu diski na kompyuta za wizi huishia kwenye biashara ya aina hii, na anayekutwa na mali ya wizi ndiye huulizwa maswali.

Anayeuza diski yake naye awe mwangalifu. Kufuta kwa kawaida hakuondoi picha na nakala za vitambulisho. Ijazwe data nyingine mwanzo hadi mwisho kabla ya kuuzwa. Iliyokufa isitupwe kwenye shimo la taka au kuchomwa, bali ipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

REKODI YA KING'AMUZI SI HAZINA YA KUDUMU

Mkazi aliyehojiwa kwenye taarifa ya habari, au ambaye mtoto wake ameonekana akiimba kwenye tamasha la muziki, huenda akataka kuihifadhi rekodi hiyo kwa miaka mingi. Ajue kwamba ving'amuzi vingi hufunga rekodi ili zisomwe na king'amuzi kile kile tu. Kikiharibika au kubadilishwa, diski inabaki nzima lakini vipindi havifunguki. Kwa baadhi ya huduma za kulipia, rekodi hazitazamiki malipo yakikatika.

Jaribu mapema: chomeka diski kwenye kompyuta na uone kama rekodi inacheza. Ikicheza, nakili mahali pawili tofauti. Isipocheza, usiitegemee. Omba nakala kwa stesheni husika mapema.

Sheria nayo ina mpaka wake. Kurekodi ili kutazama nyumbani ni tofauti na kuuza nakala, kuzisambaza kwenye matatu, au kuonyesha hadharani kwa kiingilio. Shughuli hizo zinahitaji idhini ya mwenye kazi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

HAKI ZA MNUNUZI

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa. Flashi ya gigabaiti 16 iliyouzwa kama 512 ni dai la uongo.

Hatua ya kwanza ni kurudi kwa muuzaji ukiwa na risiti, kasha na matokeo ya jaribio. Asiposikiza, wasilisha malalamiko katika ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu nawe, kwani Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia biashara, ikiwemo biashara ya haki. Bidhaa ghushi huripotiwa pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Mlalamishi asiye na risiti ana kazi ngumu zaidi ya kuthibitisha alikonunua.

KWA UFUPI, KABLA YA KULIPA

1. Thibitisha kwamba king'amuzi chako kinarekodi. Jaribu kwa flashi ya kuazima iliyo tupu.

2. Pima rekodi ya dakika 10, zidisha mara 6, kisha ukadirie nafasi unayohitaji.

3. Soma ukubwa wa juu wa diski unaokubaliwa na king'amuzi chako.

4. Ukiweza, beba king'amuzi na adapta yake hadi dukani, uone diski ikianza, ikirekodi na kucheza.

5. Usilipie kasi ambayo king'amuzi hakiwezi kuitumia.

6. Hakikisha risiti ina tarehe, jina la duka, ukubwa wa diski, nambari ya kifaa na muda wa kurudisha.

7. Nyumbani, ijaribu diski nzima kabla muda huo haujaisha.

8. Tenga diski hiyo kwa king'amuzi pekee. Isiwe na picha wala stakabadhi za familia.

9. Kabla ya kuichomoa, simamisha rekodi, chagua kuiondoa kwa usalama kwenye menyu, na usubiri taa yake itulie.